Piano Isiyo na Kitufe

Kanisani Kaloleni, hapo Voi, Donald alikuwa mfalme. Kina mama wa kwaya wakimwona anaingia na kibodi kwapani walijua Jumapili imeiva. Anaketi, anawasha zile ngoma za ndani ya kibodi, pu-chaka pu-chaka, na kabla pasta hajamaliza kusema Bwana asifiwe watu washasimama. Seben, ile sehemu ya kuchezesha watu, aliipiga mpaka wazee wa kanisa wakasahau magoti yanauma.

Lakini kuna kitu wapiga kibodi wa makanisa yetu hawatangazi. Donald alijua key moja tu, ngazi moja ya sauti. C. Vitufe vyeupe, basi. Mwimbaji akianzia juu, akianzia chini, yeye habadilishi vidole. Anabonyeza kitufe kidogo cha transpose, kibodi yenyewe inapanda ama inashuka, vidole vinabaki palepale vilipozoea, kama mtu amepanda lifti na kiti chake. Alifunzwa hivyo na rafiki yake Tom, na Tom alifunzwa hivyo na mwingine, na huyo mwingine saa hii anapiga kanisa kubwa Mombasa na hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Sasa, mfalme wa Jumapili Jumatatu anakula nini? Fomu foo alikuwa amemaliza, cheti kimekunjwa ndani ya Biblia ya mamake, na mwaka wa pili ulikuwa unaenda akiwa amekaa tu. Hapo ndipo babake, Josphat, mtu wa stesheni ya reli, mtu wa ratiba, akaongea. Hakupandisha sauti. Alingoja ugali uishe.

"Baba yako mdogo Cyrus anakuja Jumamosi kutoka Rukanga. Jumapili anarudi na wewe. Kuna shamba, kuna mbuzi, mkono wa mtu umepungua huko."

"Kibodi je, baba?"

"Kibodi ni ya kanisa. Itabaki kanisani." Akanawa mikono pole pole. "Ukipata kazi kabla ya hapo, kaa. Hukupata, panda gari. Sitaki kelele."

Donald alikuwa amewahi kukaa Rukanga likizo moja. Mlima Kasigau uko mbele yako umesimama, jua liko juu yako limesimama, na wewe katikati na mbuzi. Kazi haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba huko hakuna hata redio ya maana, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kucheza kila siku. Usiku huo vilicheza juu ya shuka mpaka ndugu yake akamwambia alale ama atoke.

Kesho yake jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, alikuta mtu anamngoja kwa geti la kanisa. Mwembamba, amevuka hamsini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Voi yote ilimjua Ndulu kwa kuziba rejeta za malori kando ya haiwei. Wachache walijua kwamba miaka mingi alipuliza saksafoni kwenye mahoteli ya Mombasa, na kwamba bado anapuliza.

"Ni wewe unapiga hiyo kibodi?"

"Ni mimi, mzee."

"Kijana wetu wa piano ameenda Doha kulinda mlango wa duka. Jumamosi tuna majaribio, loji fulani huko kando ya mbuga. Wakitukubali, ni kila wikendi. Unajua jazz?"

Donald hakujua jazz. Alichojua ni mzaha wake na Tom: jazz ni watu watatu wanatafuta wimbo mmoja uliopotelea ndani ya gunia la ndengu. Muziki wa wazungu wakingoja supu. Lakini aliona mbuzi wa Rukanga.

"Najua."

"Key zote?"

"Zote."

Na kusema kweli, kibodi ilizijua.

Nyumbani mamake, Wakio, kiongozi wa sauti ya kwanza, aliposikia alisimamisha mwiko hewani. "Jazz ni ya baa."

"Ni loji, mama."

"Loji ni baa yenye bustani."

Hata hivyo alimwomba pasta amwachie Donald kibodi hiyo wiki. Mama ni mama. Naye hakutaka mwanawe aende Rukanga.

Mazoezi yalikuwa Sagalla, nyumbani kwa Mkamburi, mwenye duka la dawa za mifugo pale mjini. Huyo alipiga gitaa la besi. Alikuwa mama mnene, mpole wa uso, mkali wa masikio. Donald alipanda huko na bodaboda, kibodi mgongoni kama mtoto, akaikuta sebule imeondolewa viti, mitungi ya maji imesukumwa ukutani.

"B flat," Ndulu akasema, akilowesha ule mwanzi wa saksafoni mdomoni.

Donald akabonyeza transpose mara mbili, kidole kimoja, haraka, kama mtu anafuta jasho. Akawasha ngoma. Pu-chaka pu-chaka.

Mkamburi akaweka kiganja juu ya nyuzi. "Zima hiyo."

"Sasa ngoma atapiga nani, auntie?"

"Hakuna."

"Na watu watajua aje mahali pa kupiga makofi?"

"Hawatapiga makofi."

Donald akaona hayo ni matusi. Muziki gani huo mtu anakaa tu, mikono kwenye mapaja, kama yuko hospitali? Lakini akazima. Wakaanza. Ndulu akatoa wimbo mzuri tu, unaeleweka, halafu katikati akauacha akaanza kuzunguka huku na huku, na Donald, kwa kuona mzee amepotea, akamsaidia. Akajaza. Akaweka seben ya mkono wa kulia, akaweka zile chords za kanisa za kupandisha roho, akapamba kila mahali palipobaki wazi.

Mkamburi akasimamisha tena. "Donald. Ndulu anasema kitu. Wewe unamjibu kabla hajamaliza. Kwenu mnaongea hivyo?"

"Tukiwa wengi, ndiyo."

Ndulu hakucheka. "Hakuna mtu amepotea hapa," akasema. "Wimbo uko. Mimi nautembelea tu. Wewe unanipigia honi."

Ikawa hivyo jioni nzima. Kila akicheza, kiganja kwenye nyuzi. Hapo unajaza. Hapo unajaza. Hapo pia. Mwisho Mkamburi akamrushia muziki kwa simu, piano ya zamani, mtu fulani ameshakufa. "Usikilize huyo. Usipige, usikilize."

Alisikiliza. Alisikiliza akioga, akibeba maji, akila. Hakuona kitu. Mpiga piano mwenyewe alikuwa kama mtu amelala akiamka: tin, halafu kimya, tin tin. Tom aliposikilizishwa alisema, "Huyu analipwa kwa noti moja moja ama?" wakacheka mpaka wakalia, lakini Donald alilia zaidi, maana Alhamisi ilikuwa imeshaisha.

Ijumaa mazoezi yaliisha vibaya. Ndulu alifungua sanduku lake, akaweka saksafoni ndani bila kuifuta, jambo Donald hakuwahi kumwona akifanya. "Nitapigia mtu Mombasa simu," akamwambia Mkamburi, kana kwamba Donald ni kiti. Mkamburi akasema mtu wa Mombasa hatafika kesho. Ndulu akasema afadhali wapige bila piano. Hatimaye Ndulu akasema, "Kesho aje. Lakini ni kesho tu."

Donald akateremka Sagalla na boda, kibodi mgongoni, earphone za simu masikioni ili asisikie mawazo yake. Piano ya yule marehemu ilikuwa inaendelea, imezamishwa na injini. Halafu wakafika ule mteremko mrefu, na mwendeshaji akafanya vile waendeshaji wote hufanya pale kuokoa mafuta. Akazima injini. Pikipiki ikaachwa iteremke yenyewe.

Ghafla hakuna kelele. Upepo tu na mawe chini ya tairi. Na masikioni, yule mpiga piano akapiga vitu vitatu, akaacha.

Donald akangoja cha nne. Hakikuja. Lakini wimbo haukusimama, hicho ndicho kilimshika. Ulikuwa unaendelea ndani ya kichwa chake mwenyewe, palepale ulipoachwa, na alipokuwa amefika kona ya pili yule mtu akarudi na noti moja, na ile noti ilikuwa mahali ambapo Donald naye alikuwa amefika. Kama wamepanga. Nywele za mkono zikasimama. Akasema, "Ala."

"Nini?" mwendeshaji akauliza.

"Usiwashe bado."

"Hapa chini kuna bampu, bro."

"Usiwashe tu."

Jumamosi jioni Probox ya Mkamburi iliingia loji jua likiwa bado juu ya miti. Mlangoni kuna mlinzi wa kufukuza nyani, ndani kuna meza zenye vitambaa vyeupe, na chini kwenye dimbwi nyati wawili wamesimama kama wameegeshwa. Donald alikuwa na kibodi kwapani na tumaini kifuani. Usiku alisikiliza mpaka chaji ikaisha. Sasa alijua asijaze. Alijua angalau hilo.

Meneja, mwanamke wa suti anayeitwa Ann, akawasalimia kwa mkono, akaangalia ule mfuko mweusi.

"Hiyo ni nini?"

"Kibodi, madam."

"Acha kwa mapokezi. Tuna piano." Akaonyesha kwa kidevu. "Wageni wanapenda kuona piano. Kibodi wameacha kwao."

Ilikuwa kwenye pembe, nyeusi, inang'aa, mbao tupu kutoka juu mpaka chini. Donald akaizunguka. Akainama akaangalia kando. Akaangalia chini ya kifuniko. Hakuna waya, hakuna taa, hakuna kitufe cha transpose.

Angesema wakati huo. Ndulu alikuwa hatua chache kutoka kwake, anafunga ukanda wa saksafoni shingoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mzee, najua C tu. Lakini watu washaanza kuketi, na Ann amesimama kando ya nguzo amekunja mikono, na kule Kaloleni baba mdogo Cyrus ameshafika, labda ameshapewa chai. Donald akameza hayo maneno yakashuka kama mfupa.

"B flat," Ndulu akasema, na akahesabu.

Vidole vya Donald vikaenda kwao. Vikaenda C, vyote, kwa ujasiri wa miaka yote ya kanisa. Ikalia kama trei ya sahani imeanguka jikoni. Mama mmoja wa kizungu akainua kichwa kutoka kwa menyu. Ndulu hakuacha kupuliza, lakini macho yake yalikuja kando, polepole, yakamkuta Donald, na yakaelewa. Yote. Donald aliona yakielewa.

Akainua mikono kutoka kwa piano kama ameambiwa kuna stima.

Besi ya Mkamburi ikaendelea. Dum, dum, dum, dum, inatembea, haina haraka, kama mama anatoka sokoni na mzigo wa kawaida. Donald akaishika hiyo kwa masikio maana hakuwa na kitu kingine cha kushika. Akagusa kitufe kimoja cheusi, kidogo sana, kwa ncha ya kidole. Hapana, si hicho. Akangoja. Akagusa cheusi kingine, na hicho kikakaa ndani ya besi kama mguu ndani ya kiatu. Hapo. Ndiyo B flat hiyo. Akatafuta jirani yake akampata, cheusi pia. Wakawa wawili.

Na hao wawili ndio aliokuwa nao jioni yote. Alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo umelowa, anamwangalia Ndulu mabega. Mabega yakipanda, mzee anavuta pumzi. Hapo ndipo palikuwa na mlango mdogo. Tin. Anafunga. Dum dum dum dum. Mabega tena. Tin tin. Mara nyingine mlango ulifunguka na yeye akaogopa, akauacha upite, na ikawa sawa pia.

Wimbo wa pili ulikuwa key nyingine, na hapo hakupata kitu. Akaweka mikono kwenye mapaja. Alikaa mbele ya piano, mbele ya watu, bila kupiga, uso unawaka moto, na kwa sababu hakuwa na kazi akasikia. Kwa mara ya kwanza alimsikia Ndulu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mzee alianza na wimbo wenyewe, akaukata kipande, akakigeuza, akakirudisha juu chini. Akapanda. Juu kabisa saksafoni ikamponyoka, ikapiga yowe kama kuku amekanyagwa. Donald akafumba macho kwa niaba yake. Lakini Ndulu hakukimbia. Alirudi palepale, akapiga lile yowe tena, makusudi, safi zaidi, halafu akateremka nalo ngazi kwa ngazi mpaka likawa ndilo wimbo. Mhudumu mmoja aliyekuwa amebeba glasi alisimama katikati ya meza. Wageni waliendelea kula.

Walipomaliza, watu watatu wanne walipiga makofi. Ann akaja.

"Wikendi ijayo mrudi," akasema. "Huyu wa piano nimempenda. Hasumbui. Watu wanaweza kuongea."

Walibeba vyombo mpaka Probox. Mkamburi akaingia nyuma ya usukani, akaacha mlango wazi. Ndulu alisimama kando ya gari, sanduku mkononi.

"Unajua key ngapi?"

"Moja, mzee."

"Ulinidanganya machoni."

"Ndiyo."

"Ningefukuzwa pale mbele ya watu kwa sababu yako. Mimi. Kwa umri huu." Sauti ilikuwa chini, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Vitu viwili. Jioni nzima vitu viwili. Huyo mama anafikiri ni ustadi."

"Ndulu," Mkamburi akasema.

"Ngoja." Akaweka sanduku juu ya boneti. "Wimbo wa pili hukupiga kitu kabisa. Ulikuwa unafanya nini? Unahesabu nyati?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Ulisikia nini? Niimbie."

Donald akaangalia chini. Akaanza kwa sauti ya pua ule wimbo wenyewe. Akaukata pale Ndulu alipoukata. Akaugeuza. Alikosea kidogo katikati akarudi nyuma, akapita. Akapanda, akapanda, na alipofika juu akasita, halafu akapiga lile yowe la kuku. Akalipiga mara ya pili.

"La kwanza lilikuponyoka," akasema, bila kuinua macho. "La pili ulilitaka. Ukalifanya la kwanza lionekane pia ulilitaka."

Mlinzi wa nyani alikuwa anawaangalia. Ndulu akapangusa boneti kwa kiganja mahali ambapo hapakuwa na vumbi zaidi ya kwingine.

Simu ya Donald ikalia. Baba. Akataka kuikata, lakini nani anamkata Josphat?

"Umepata ama hukupata?" Sauti ya babake ilisikika nje ya simu, na nyuma yake vijiko na kicheko cha Cyrus. "Cyrus anataka kujua kama anunue tikiti moja ama mbili."

Angesema nimepata. Meneja alisema mrudi, hapo kuna ukweli wa kutosha kumfikisha hata Krismasi. Donald akamwangalia Ndulu, na Ndulu akamwangalia yeye, na Mkamburi ndani ya gari akaacha kutafuta funguo.

"Sijui, baba," akasema. "Haijaamuliwa. Nilimdanganya mwenye bendi na amenishika."

Huko kijiko kikawekwa chini.

"Mpe simu," Josphat akasema.

Ndulu akaichukua kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akatembea mpaka karibu na ua. Donald alisikia upande mmoja tu. "Habari ya jioni, mzee... Ndiyo, ni mimi. Ndulu, wa rejeta... Ndiyo... Hapana. Hajui. Piano hajui kabisa." Ndulu akaegemea ua. "Ndiyo, alinidanganya, hilo nitamalizana naye mwenyewe... Hapana, mzee. Mbuzi mtu yeyote anaweza kuchunga." Akahamisha simu sikio la pili. "Sikiliza. Nimepiga na watu miaka thelathini. Wanaopiga ni wengi. Nipe huyu miezi mitatu, kila asubuhi kabla sijafungua kazi, na nikishindwa nitampeleka Rukanga mwenyewe na mkono wangu."

Akarudi, akampa simu. Imekatwa.

"Amesema nini?" Donald akauliza.

"Ameniuliza kama mimi ni mlevi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia akuje aone. Akasema basi, Cyrus anunue tikiti moja." Ndulu akaweka sanduku kiti cha nyuma, akaingia mbele, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, pale gereji yangu. Ukichelewa usikuje. Tunaanza na F, na hiyo kibodi, pasta akikupa tena, utaileta ikiwa imezibwa kwa karatasi ya gundi hapo unapobonyezaga. Nilikuona siku ya kwanza. Nilifikiri unafuta jasho."

Mkamburi akawasha gari. Donald aliketi nyuma na kibodi kwenye mapaja, magoti yamegusa kiti cha mbele, bado anaogopa. Jumatatu ilikuwa karibu sana, na alikuwa hajui F inaanzia wapi.